Jina la Ugonjwa na Haki ya Mfanyakazi

Katika mapambano ya wafanyakazi duniani yapo mambo ambayo kila mtu huyaona: migomo, maandamano, mikataba ya mishahara. Yapo pia mambo yanayofanyika kimya kimya juu ya meza za makarani na madaktari, na mambo hayo huamua kama mjane atakula au atalala njaa. Mojawapo ni orodha ya magonjwa. Mfanyakazi anapoumia au kuugua kwa sababu ya kazi, daktari huandika jina la maradhi yake, na siku hizi huandika pia namba ya maradhi hayo kutoka katika orodha inayotumika dunia nzima. Karani wa fidia hulisoma jina hilo na namba hiyo. Vikilingana na matakwa ya sheria, madai hulipwa. Visipolingana, mfanyakazi huambiwa arudi nyumbani.

Wako ndugu wanaodhani kwamba orodha hizo ni shughuli ya wataalamu tu, isiyo na siasa ndani yake, na kwamba orodha ya zamani inapobadilishwa na mpya kinachobadilika ni karatasi. Mawazo hayo si sahihi. Historia inaonyesha kwamba kila ugonjwa ulioingia katika orodha ya fidia uliingia baada ya mapambano, na kwamba kila mabadiliko ya orodha yalimpa mtu nguvu na kumnyang'anya mwingine. Ni wajibu wetu kuielewa historia hiyo ili mabadiliko yanapofika kwetu tusiyapokee tukiwa tumefumba macho.

1. Kutoka Ajali Hadi Ugonjwa

Kwamba kazi huleta maradhi si jambo jipya. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Modena, Italia, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya mafundi na vibarua, akawahimiza madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani? Elimu hiyo ilikuwapo. Lakini ilipita karibu miaka mia mbili kabla dola za Ulaya hazijakubali kwamba anayefaidika na kazi ndiye anayepaswa kulipa gharama ya maradhi yake.

Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, chini ya Bismarck. Huyu ndiye aliyevipiga marufuku vyama vya kisoshalisti mwaka 1878. Hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Aliona nguvu yao inakua, akataka kuwatuliza kwa mkono mmoja huku akiwapiga kwa mkono wa pili. Uingereza ilifuata mwaka 1897. Sheria zote mbili zilihusu ajali, si ugonjwa.

Kwa nini ajali ilitangulia? Jibu ni rahisi. Mkono ukikatwa na mashine, damu inaonekana, saa inajulikana, na wenzake wameona. Bepari hana pa kujificha. Ugonjwa ni jambo jingine. Vumbi la mawe huingia katika mapafu leo, na mtu akaanza kukohoa baada ya miaka kumi au zaidi. Vumbi la asbesto laweza kuleta saratani baada ya miaka ishirini, hata arobaini. Wakati huo mfanyakazi amekwisha acha kazi au amehamia kwa mwajiri mwingine. Ni rahisi kwa mwajiri kusema: huyu alivuta tumbaku, huyu alizaliwa dhaifu, huyu aliugua kijijini kwao.

Hapo ndipo orodha ilipopata umuhimu wake. Mwaka 1906 sheria ya Uingereza iliongeza magonjwa sita: kimeta, safura, na sumu za risasi, zebaki, fosforasi na aseniki. Ugonjwa ukiwa katika orodha, na mfanyakazi akiwa amefanya kazi inayotajwa kando yake, mzigo wa ushahidi ulihama. Mwajiri ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwamba kazi haikuhusika. Ugonjwa usipokuwamo, mzigo wote ulibaki mabegani mwa mgonjwa. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1925, lilitaja magonjwa matatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta. Mwaka 1934 yakawa kumi, na hapo ndipo silikosi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, ilipoingia. Mkataba mpya ulipitishwa mwaka 1964, na orodha yake ikapanuliwa mwaka 1980. Mwaka 2010 orodha nyingine ya Shirika hilo iligusa hata maradhi ya akili yanayotokana na kazi. Kutoka magonjwa matatu hadi hapo ni safari ya miaka themanini na mitano.

2. Orodha ya Kuhesabu na Orodha ya Kulipa

Sambamba na orodha hizo za fidia ilikua orodha nyingine yenye asili tofauti. Mwaka 1853 mkutano wa takwimu uliofanyika Brussels uliwapa William Farr wa Uingereza na Marc d'Espine wa Geneva kazi ya kutayarisha majina ya sababu za vifo yatakayofanana katika nchi zote. Kazi hiyo iliendelezwa na Jacques Bertillon wa Paris, na orodha yake ilikubaliwa katika mkutano wa Chicago mwaka 1893. Tangu mwaka 1900 ilipitiwa upya takriban kila miaka kumi. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua kazi hiyo na kutoa toleo la sita, ambalo lilihesabu magonjwa ya walio hai pamoja na vifo. Toleo la tisa lilikubaliwa mwaka 1975, la kumi mwaka 1990, na la kumi na moja mwaka 2019, likaanza kutumika rasmi Januari 1, 2022.

Ni muhimu tutofautishe orodha hizi mbili. Ya kwanza ni ya kulipa, ya pili ni ya kuhesabu. Orodha ya kuhesabu hueleza mtu anaugua nini. Kwa kawaida haisemi nani amemsababishia. Lakini taratibu za fidia zilipokua, makarani walianza kutumia namba za orodha ya kuhesabu ili kuamua malipo. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya takwimu kikageuka kuwa mlango wa haki. Hapo ndipo mgongano ulipo.

3. Funzo la Migodi ya Afrika Kusini

Hakuna mahali ambapo jambo hili limeonekana wazi kama katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mwamba wa huko una silika nyingi. Mashine za kutoboa miamba zilipoanza kutumika, vumbi liliwaua wachimbaji kwa wingi. Sheria za fidia zilitungwa mwaka 1911 na 1912, nao ugonjwa ukaitwa kifua kikuu cha wachimbaji. Mwaka 1930 mkutano wa kimataifa kuhusu silikosi ulifanyika Johannesburg, na mafanikio ya migodi hiyo katika elimu ya ugonjwa huo yakasifiwa.

Lakini sifa hizo zilificha nini? Zilificha kwamba sheria iliwapima watu kwa rangi zao. Mchimbaji mweupe alipimwa mara kwa mara, na alipougua alipata malipo ya kuendelea. Mchimbaji mweusi alipimwa harakaharaka, akapewa fedha kidogo mara moja, akarudishwa kwao. Wengi hawakupata chochote, kwa sababu mkataba ulikwisha kabla kikohozi hakijaanza. Sheria ya mwaka 1973 iliendeleza ubaguzi huo, na haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1993.

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Shirika la kuandikisha vibarua lililojulikana kama WENELA lilichukua wanaume kutoka nyanda za kusini za Tanganyika, kama lilivyowachukua wa Nyasaland na Msumbiji. Baada ya Uhuru nchi yetu ilikomesha biashara hiyo. Lakini waliokwisha kwenda walirudi na vumbi katika mapafu yao. Silika hudhoofisha mapafu na kukipa kifua kikuu nafasi. Mchimbaji wa zamani aliyefika katika zahanati akiwa anakohoa damu aliandikwa kifua kikuu. Jina hilo lilikuwa kweli, lakini nusu ya kweli. Nusu iliyofichwa ilikuwa mgodi. Kwa jina hilo moja gharama ilihama kutoka kwa wenye dhahabu kwenda kwa wakulima: mke aliyemwuguza, wazee waliomlisha, kijiji kilichomzika. Hivyo ndivyo ubeberu ulivyomnyonya mfanyakazi na mkulima kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mchimbaji mgonjwa aweza kumshtaki mwajiri wake licha ya fidia ndogo ya sheria. Aliyefungua shauri hilo alikuwa amelipwa randi 16,320 tu kwa mapafu yaliyoharibika, na alifariki siku chache kabla ya hukumu. Uamuzi huo ulifungua njia ya makubaliano ya mwaka 2018 kati ya makampuni ya dhahabu na mawakili wa wachimbaji, yenye thamani ya randi bilioni tano hivi. Ili alipwe, mchimbaji au mjane wake alihitaji kuthibitisha mambo mawili: jina la ugonjwa, na kumbukumbu ya kazi.

4. Namba Mpya Marekani

Tutazame sasa nchi kubwa ya kibepari ilivyobadilisha namba zake. Marekani ilianza kutumia namba zilizotokana na toleo la tisa mwaka 1979. Toleo la kumi, lililokubaliwa na dunia mwaka 1990, halikutumika katika malipo ya hospitali zake mpaka Oktoba 1, 2015, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja. Kitabu cha zamani kilikuwa na namba za magonjwa zipatazo 14,000. Kipya kilikuwa na 68,000 hivi.

Sheria iliyolazimisha badiliko hilo haikugusa bima ya fidia kwa wafanyakazi, kwa kuwa kila jimbo lina sheria yake ya fidia. Majimbo kadhaa yalitunga kanuni za kufuata namba mpya siku ile ile. Mengine hayakulazimisha. Daktari mmoja aliweza kutakiwa atumie namba mpya kwa mgonjwa wa kawaida, na za zamani kwa mfanyakazi aliyeumia.

Namba mpya zilikuwa na faida ya kweli. Za zamani hazikutofautisha mkono wa kulia na wa kushoto. Za mpya zilitofautisha, na zilionyesha kama mgonjwa yumo katika matibabu ya jeraha lenyewe, yumo katika kupona, au anasumbuliwa na athari zilizobaki. Kwa mtu ambaye madai yake hudumu miaka mingi, hilo si jambo dogo. Lakini upana huo huo una hatari. Pale penye maelezo mengi pana nafasi nyingi za kukosea, na kampuni ya bima inayotafuta faida yaweza kulifanya kosa la karani kuwa sababu ya kukataa kulipa.

Lipo jambo zito zaidi. Katika kitabu hicho kipya imo namba maalumu ya kuonyesha kwamba mtu aliumia akiwa katika kazi ya malipo. Hata hivyo hakuna amri ya nchi nzima inayolazimisha namba za aina hiyo ziandikwe. Ugonjwa lazima uandikwe, bali chanzo chake ni hiari. Ramazzini aliuliza swali lake mwaka 1700, na namba elfu sitini na nane hazikulifanya kuwa la lazima.

Toleo la kumi na moja nalo limeleta somo. Uchovu unaomaliza nguvu za mtu kwa sababu ya shinikizo la kazi umetajwa ndani yake, lakini kama hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa. Kutajwa ni hatua. Kulipwa ni hatua nyingine, nayo haiji kwa uchapaji wa kitabu.

5. Hali Yetu na Majukumu Yetu

Sheria ya fidia tuliyorithi kwa mkoloni iliendelea kutumika miongo mingi baada ya Uhuru. Ilimwacha mfanyakazi mmoja mmoja akabiliane na mwajiri wake, na viwango vyake vya shilingi vililiwa na kupanda kwa bei. Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 ilileta msingi mpya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015. Waajiri ndio wanaochangia, na mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Hizi ni hatua za kimaendeleo na lazima tuzilinde.

Lakini Mfuko hauwezi kulipa ugonjwa usioandikwa. Kwa hiyo, toleo jipya la namba litakapotumika katika madai, yapo majukumu manne.

Kwanza, kila cheti cha daktari kitaje kazi ya mgonjwa na miaka aliyoifanya, wala jambo hilo lisiwe hiari. Pili, madai yaliyofunguliwa chini ya namba za zamani yasipotee: atakayebadilisha namba awe Mfuko, asiwe mgonjwa. Tatu, kosa la namba lirekebishwe na ofisi, lisiwe sababu ya kumnyima mtu haki ambayo mwili wake unaithibitisha. Nne, vyama vya wafanyakazi viwafundishe wanachama wao majina ya maradhi ya kazi zao, na kutunza kumbukumbu za nani alifanya kazi wapi. Makampuni hufungwa na majalada hupotea, lakini vumbi hubaki kifuani.

Tusisahau pia wachimbaji wadogo wa Mererani, Geita na kwingineko, ambao wengi wao hawana mwajiri anayechangia. Kwao hata orodha bora haina maana mpaka tuwe tumepata njia ya kuwaingiza katika hifadhi. Huo ni mjadala ambao vikao vyetu havina budi kuuanza.

Wataalamu watatupa namba, na tunawahitaji. Lakini namba haijui kama imeandikwa kwa ajili ya kumlipa mtu au kumfukuza. Hilo huamuliwa na sheria, na sheria hufuata nguvu za wale waliojipanga. Wafanyakazi wasipojipanga, orodha itasomwa na wengine kwa niaba yao.