Uraia na Ajira: Je, Asiye na Kazi Anaweza Kuwa Mtanzania?

Kila ninapofundisha mada ya uraia, wanafunzi huniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Mtu aliyevuka mpaka akiwa kijana, akaishi Mbagala au Tandale miaka ishirini, akaoa, akazaa na kuzika wazazi hapa, lakini hana ajira, je, akiomba uraia atakubaliwa? Wengi wao hudhani jibu ni hapana, na ya kwamba sheria ndiyo inayosema hivyo. Mimi nadhani sheria haisemi hivyo. Yanayosema hivyo ni mazoea, na mazoea hayo yana historia ndefu katika jiji la Dar es Salaam.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mgeni mtu mzima kuomba uraia wa tajnisi. Anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi nchini kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe na nia ya kuendelea kuishi nchini moja kwa moja. Tena ionekane kwamba, kwa mchango alioutoa na anaoweza kuutoa katika uchumi, sayansi na teknolojia, na ustawi wa jamii na utamaduni, anafaa kuwa raia. Hakuna sharti linalomtaka mwombaji awe ameajiriwa. Neno lililotumika ni mchango.

Ugumu unaanzia hapo. Ombi hupita serikali ya mtaa, kata, wilaya na mkoa kabla ya kufika Idara ya Uhamiaji na hatimaye kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Katika kila meza, mchango hutafutwa kwenye karatasi: mkataba wa kazi, leseni ya biashara, stakabadhi za kodi, taarifa ya benki. Mwenye karatasi hizo mchango wake unaonekana. Asiye nazo huandikwa kwa maneno mawili, "hana kazi", na maneno hayo huwa hukumu.

Mizizi ya hukumu hiyo ni ya kikoloni. Mwaka 1944 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Mwafrika aliyekutwa Dar es Salaam bila kazi ya kudumu, au bila njia nyingine ya kuishi iliyokubalika machoni pa wakubwa, aliweza kurudishwa kwao. Wakati huo alikuwa Mtanganyika mwenzetu, labda kutoka Rufiji, Kisarawe au Morogoro, lakini haki yake ya kukaa mjini ilipimwa kwa kazi yake. Mwaka huo huo wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua kutoka mbali, wakiwamo watu wa Ruanda-Urundi. Kwa hiyo dola ile ile iliyomfukuza mwenyeji asiye na kazi ilimkaribisha mgeni mwenye nguvu za kukata mkonge. Mtu alihesabiwa kwa kile ambacho mikono yake ilimzalishia mwajiri.

Uhuru ulibadili mambo, ingawa si yote. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia wa Tanganyika, baadhi ya wajumbe walitaka uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali na kuweka serikali yake rehani kwa ajili ya jambo hilo. Kwake kipimo kilikuwa uaminifu kwa nchi, wala si rangi ya ngozi. Ulikuwa ushindi mkubwa wa kimaadili ambao majirani zetu wengi hawakuupata mapema kiasi hicho. Hata hivyo mjadala ule ulihusu rangi. Swali la mtu maskini asiye na ajira halikupata Nyerere wake.

Badala yake, desturi ya 1944 ilirudi ikiwa imevaa lugha ya ujenzi wa taifa. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa Dar es Salaam wale walioitwa wazururaji. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ikafuata mitaani. Waliokamatwa walitakiwa kuonyesha ushahidi wa kazi. Mchuuzi, fundi viatu na mpiga debe walikuwa wakifanya kazi tangu alfajiri, ila kazi yao haikuwa na cheti. Wengi walipelekwa vijijini, na wengi wao wakarudi mjini, kwa kuwa jiji lilikuwa likiwahitaji.

Lakini historia yetu ina mfano mwingine, na ndio ninaotaka watumishi wa umma wausome kwa makini. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji kwao, wakapewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuanzia mwaka 2007 serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Takriban watu 162,000 walikubaliwa, na mwaka 2014 Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti. Wengi wao hawakuwa na mwajiri. Walikuwa wakulima waliofyeka misitu, wakajilisha na kuwalisha majirani zao. Serikali iliutambua mchango huo kwa kutazama mashamba. Ikiwa jembe la Katumba linatosha kuwa ushahidi, kwa nini sufuria ya mama lishe wa Tandika isitoshe?

Nitajibiwa kwamba serikali imekwisha kuwatambua wachuuzi. Ni kweli. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa 20,000/-, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Baada ya zaidi ya miaka sabini, kazi isiyo na cheti ikapata cheti. Lakini kwa asiye raia mlango umezidi kufungwa. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka awe na kibali kabla ya kufanya kazi. Julai 2025 ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo za rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Sibishani hapa na nia ya kumlinda mfanyabiashara mzawa. Naonyesha tu mduara uliotokea: ili apate uraia aonyeshe mchango, na ili atoe mchango huo hadharani awe kwanza raia.

Mduara huo haumzungushi kila mtu sawasawa. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anayo njia yake katika sheria: anaweza kuomba wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo, naye hupimwa kama mgeni mwingine yeyote. Hivyo Mtanzania wa kike wa Temeke anaweza kukaa miaka mingi na mume ambaye kisheria bado ni mgeni nyumbani kwake.

Wapo wanaohofu kwamba kulegeza kipimo hiki kutaleta mzigo na hatari kwa usalama. Dola ina haki na wajibu wa kumjua inayemkaribisha. Lakini kwa kazi hiyo sheria imekwisha kuweka kipimo cha tabia na cha muda wa ukaazi, na mtaa unamjua mtu wake kuliko faili linavyomjua. Ukosefu wa ajira si kosa la jinai, wala si tabia mbaya. Vijana wetu wengi, raia wa kuzaliwa na wenye shahada, hawana ajira, na hakuna anayeutilia shaka Utanzania wao.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wizara itoe mwongozo unaofafanua neno mchango, ukitaja malezi, uuguzi wa wagonjwa nyumbani, ufundi wa mtaani na utumishi wa kujitolea, na ushahidi wa majirani upokewe. Pili, kifungu kinachompa Waziri uhuru wa kukataa ombi bila kutoa sababu, na kuzuia uamuzi wake usihojiwe mahakamani, kiangaliwe upya, kwani asiyeambiwa kasoro yake hawezi kuirekebisha. Tatu, wenzi wa raia, wake kwa waume, wapewe njia moja.

Kwa watendaji wa mitaa na kata wanaosoma makala haya nina ombi dogo zaidi, lisilosubiri Bunge. Mwombaji akifika mezani, kabla ya kuandika kwamba hana kazi, mwulizeni siku yake huanza saa ngapi na nani anamtegemea. Kisha andikeni hilo.