Brain Forest Quipu

Brain Forest Quipu (yaani "Kipu ya Msitu wa Ubongo") ni kazi ya sanaa ya usakinishaji ya Cecilia Vicuña, msanii na mshairi kutoka nchini Chile. Ilioneshwa katika jumba la makumbusho la Tate Modern mjini London, Uingereza, kuanzia tarehe 11 Oktoba 2022 hadi 16 Aprili 2023. Iliunganisha sanamu za nyuzi, sauti na video ili kuomboleza misitu inayoangamizwa na kuunga mkono watu wanaoitetea.

Asili ya jina

Kipu ni kamba zenye mafundo zilizotumiwa na watu wa milima ya Andes, hasa katika Dola la Inka, kutunza kumbukumbu. Aina ya fundo, mahali lilipofungwa na rangi ya uzi vilikuwa na maana. Kwa njia hiyo waliweza kuhesabu watu na mali bila maandishi. Baada ya Wahispania kuiteka nchi hiyo katika karne ya 16, kipu nyingi ziliharibiwa, na ujuzi wa kuzisoma ulipotea kwa sehemu kubwa.

Sehemu zake

Sanamu mbili zenye urefu wa mita 27 zilining'inia kutoka darini, moja kila upande wa ukumbi. Zilitengenezwa kwa sufu isiyosokotwa, nyuzi za mimea, kamba, kadibodi na vitu vilivyookotwa. Baadhi ya vitu hivyo viliokotwa kando ya mto Thames na wanawake wa jumuiya za Amerika ya Kilatini mjini London. Rangi yake nyeupe ilifanana na magome ya miti iliyokufa kwa ukame au moto.

Sauti ziliandaliwa na Vicuña pamoja na Ricardo Gallo, mtunzi wa muziki kutoka Kolombia. Zilichanganya muziki wa jamii za wenyeji asilia, sauti za viumbe na vipindi vya ukimya. Video zilionesha wanaharakati wa jamii hizo wakidai haki ya ardhi na misitu yao.

Mahali na msanii

Ukumbi huo zamani ulikuwa na mitambo ya kituo cha umeme kilichotumia mafuta. Vicuña, aliyezaliwa Santiago mwaka 1948, alikwenda London kusoma mwaka 1972. Mwaka uliofuata, jeshi la Chile lilimpindua rais Salvador Allende, naye akabaki uhamishoni. Mwaka 2022 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya heshima ya maonesho ya Venice Biennale nchini Italia, kwa kazi ya maisha yake.