Sauti Isiyorudi

Nyuma ya mashine za korona, katika shamba moja la mkonge huko Korogwe, niliwahi kuingia ghalani palipopangwa marobota ya katani mpaka karibu na dari. Nje mashine ilikuwa ikinguruma. Ndani nilimwita mwenzangu aliyekuwa hatua chache mbele yangu, na sauti yangu ikafia pale pale. Haikurudi hata chembe.

Miaka mingi baadaye nilijua kwamba wako watu wanaoutafuta ukimya wa namna hiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Leo Beranek alisimamia ujenzi wa chumba kisicho na mwangwi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kuta, dari na sakafu vilivikwa kabari zipatazo 20,000 za nyuzi za kioo, ncha zake zikitazama ndani. Ukuta bapa huirudisha sauti kama mpira. Kabari huipokea kidogo kidogo. Hewa inayotikisika hupenya katikati ya nyuzi, ikasuguana nazo, na nguvu yake ikageuka joto dogo lisilohisika. Ili kuyameza mawimbi ya sauti nzito yenye urefu wa mita 4, kabari huhitaji urefu wa kama mita 1.

Katani nayo ni nyuzi, na watafiti wa nchi mbalimbali wameipima na kuona kwamba humeza sauti, hasa zile nyembamba. Ghala lile halikuwa na muujiza.

Lakini nyuzi zile zina historia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Tanganyika ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba, kuanzia pwani ya Pangani na Tanga hadi Ngombezi na Magunga, Korogwe, na Kabuku, Handeni. Mapema miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Na katika uzito wa jani la mkonge, katani ni kama sehemu 4 tu katika 100. Majani yaliyokatwa kwa mkono kupata tani hizo hayahesabiki.

Waliokata waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba. Walitoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji, na tangu mwaka 1944 wengi waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Robota lilipimwa na kuandikwa vizuri. Mtu aliandikwa kwenye kipande, siku 30 za kazi, kisha kipande kingine.

Ndiyo maana ukimya wa ghala lile haunitoki. Chumba cha Harvard kilijengwa ili sauti isikike ilivyo, bila ukuta kuiharibu. Mashambani kwetu sauti za watu ziliingia katika katani, zikasafirishwa ng'ambo pamoja nayo, zisirudi.

Hata hivyo si zote zilizopotea. Watoto na wajukuu wa manamba wangali wanaishi Korogwe na Handeni, na wanayajua majina ya wazee wao, hata wale ambao daftari liliwajua kwa namba tu. Tuwaulize mapema, na tuyaandike majina hayo.