Danzi, Achari na Malmalaato: Chungwa Chungu katika Historia ya Pwani ya Kismayu

Utangulizi

Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu aya fupi ya Kiingereza inayoeleza namna ya kutengeneza mamaledi nyumbani. Tulidhani ni zoezi jepesi la kupasha misuli. Aya yenyewe ilianza kwa kumwonya mpishi asichukue chungwa la kawaida, bali atafute lile chungu. Karibu darasa zima liliandika "machungwa machungu". Wawili waliandika "malimau". Mmoja tu, aliyelelewa Lamu, aliandika "madanzi", na wenzake wakamgeukia kumwuliza neno hilo amelitoa wapi.

Swali hilo lilitufuata hadi ofisini. Neno danzi limo katika kamusi zetu tangu karne ya 19, nalo ndilo jina halisi la tunda ambalo mamaledi haikamiliki bila yake. Tulipoanza kulifuatilia, njia yake ilitupeleka kaskazini, kupita Lamu na Kiunga, hadi pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni. Makala haya yanaeleza tuliyoyakuta njiani, na kwa nini tunaona kuwa jambo hili linatuhusu sisi walimu wa lugha.

Danzi ni tunda gani?

Danzi ni chungwa chungu. Mti wake ni mdanzi. Kwa mbali unafanana na mchungwa, lakini ukilichuma jani utaona kikonyo chake kina bawa pana zaidi. Ganda la tunda ni nene na lina mikwaruzo, maji yake ni makali, na kokwa zake ni nyingi. Katika nchi nyingi mdanzi hupandwa si kwa ajili ya tunda lake, bali uwe shina la kupandikizia mchungwa mtamu, maana mizizi yake ni migumu.

Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliliorodhesha danzi na kulieleza kuwa ni chungwa chungu lisilolika kwa urahisi. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Steere alikuwa Mwingereza, na Waingereza wa enzi yake walikuwa wakipaka mkate wao wa asubuhi jamu iliyotokana na tunda hilohilo. Alilikuta danzi Unguja akaliona halifai. Huenda hakuna aliyemwambia kuwa huyu ni ndugu wa machungwa ya Seville, Hispania, ambayo kwao yalinunuliwa kwa hamu kila mwezi wa Januari.

Kinacholifanya danzi lifae ni ule ubaya wake. Ganda, nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, na kokwa vina pektini nyingi, yaani kitu kinachoifanya jamu igande. Uchachu wa maji yake huisaidia pektini kufanya kazi, na uchungu wa ganda huzuia utamu wa sukari usichoshe. Chungwa tamu lina uchachu mdogo, ndiyo maana aliyelitumia peke yake mara nyingi hubaki na sharubati nzito badala ya jamu.

Kwa msomaji atakayetaka kujaribu, kipimo cha kawaida ni kilo moja ya madanzi, lita mbili za maji, kilo mbili za sukari na maji ya limau moja. Kamua madanzi, funga kokwa na utando katika kitambaa chepesi, kata maganda vipande vyembamba, kisha chemsha vyote pamoja kwa moto mdogo muda wa saa mbili hivi, mpaka ganda likibonyezwa kwa vidole livunjike. Sukari hutiwa baada ya hapo, si kabla, kwa sababu ganda likikutana na sukari kabla ya kuiva hubaki gumu. Toa kile kifuko, kikamue vizuri, kisha ongeza moto. Ukidondosha tone kwenye kisahani baridi likajikunja unapolisukuma kwa kidole, mamaledi imeiva.

Njia ya danzi

Danzi asili yake ni Asia. Al-Mas'udi, mwanahistoria wa karne ya 10, aliandika kuwa narinji, ndilo chungwa chungu la Waarabu, lililetwa kutoka India baada ya mwaka 300 Hijria (karibu mwaka 912), likapandwa kwanza Omani, kisha likapelekwa Basra, Iraki na Shamu. Mwandishi huyu aliijua pwani yetu kwa macho yake. Alifika Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanakihusisha na Pemba, na safari yake ya mwisho ya kutoka huko kurudi Omani ilikuwa mwaka 304 Hijria. Kwa hiyo tunda hilo lilikuwa likistawi Omani katika miaka ileile ambayo vyombo vya Omani vilikuwa vikishuka na kaskazi hadi kwetu.

Wareno walipofika, machungwa yalikwishazoeleka. Mwezi wa Aprili 1498 mfalme wa Mombasa alimpelekea Vasco da Gama kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Miaka kama ishirini baadaye Duarte Barbosa, alipoieleza Mombasa, alitaja machungwa ya aina mbili, matamu na machungu. Hayo machungu ndiyo madanzi yetu.

Safari ya kurudi ya da Gama inaigusa pwani tunayoizungumzia. Meli zake zilichukua karibu miezi mitatu kuvuka kutoka India, na mabaharia thelathini walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Tarehe 2 Januari 1499 waliiona Mogadishu, wakaipiga mizinga, wakashuka kusini. Walipita mbele ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni bila kutia nanga, na tarehe 7 Januari wakafika Malindi. Jambo la kwanza alilofanya nahodha ni kumtuma mtu pwani alete machungwa, maana wagonjwa walikuwa wakiyatamani. Yaliletwa kesho yake, lakini wengi walikuwa wamekwisha dhoofika na wakafia hapo hapo bandarini.

Kabla ya sukari: chumvi na jua

Je, watu wa pwani hii walihifadhi vipi matunda haya? Jibu la zamani kuliko yote tulilo nalo linatoka Mogadishu. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni mwake akaandaliwa malimau yaliyotiwa chumvi, pilipili za kuhifadhiwa, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa sahani hiyo. Ni achari, na mpaka leo huandaliwa kando ya wali vilevile.

Achari na mamaledi ni majibu mawili ya swali moja: tunda chachu lililoiva kwa wingi katika msimu mmoja utalilaje katika msimu mwingine? Ulaya walijibu kwa moto na sukari. Pwani yetu ilijibu kwa chumvi, jua na pilipili. Ndimu hupasuliwa sehemu nne bila kutenganishwa, hujazwa chumvi, huanikwa siku kadhaa mpaka ganda lilainike, kisha hutiwa pilipili na siki. Chumvi na jua ni vitu ambavyo pwani haikosi, na kwa baharia aliyekula wali na samaki kila siku, chupa ya achari ilikuwa kitoweo cha kutosha.

Visiwa vyenyewe havikuwa mahali pa bustani za machungwa. Koyama, Ngumi, Chovai na Chula ni visiwa vya matumbawe, udongo wake ni haba na maji matamu ni ya kutafutwa. Wabajuni waliishi kwa bahari: samaki, kasa, kamba na ujenzi wa vyombo. Mchungwa unataka udongo wa kina na maji, na hayo yako bara, hasa bonde la Mto Juba ulioko kaskazini mwa Kismayu. Hata jina la mji huo wengi hulifungua kuwa "kisima yuu", yaani kisima cha juu kwa lahaja za kaskazini. Mahali ambapo kisima ndicho alama ya mji, kila tunda la maji lina thamani yake.

Neno moja, mipaka miwili

Sasa turudi kwenye jina la jamu yenyewe. Wareno huliita tunda fulani la jamii ya tofaa marmelo, na uji wake mzito wa sukari huitwa marmelada. Mwaka 1524 mfalme Henry VIII wa Uingereza alipewa zawadi ya sanduku la marmalade, nayo ilikuwa ya tunda hilo, si ya machungwa. Baadaye Waingereza walilihamishia jina kwenye machungwa machungu, na mwaka 1797 familia ya Keiller ilianza kuitengeneza kwa biashara mjini Dundee, Scotland. Waitalia nao walichukua neno hilo likawa marmellata, nao katika mazungumzo ya kila siku huliita hivyo jamu ya tunda lolote. Mwaka 1979 Jumuiya ya Ulaya ilitunga sheria kuwa jina hilo litumike dukani kwa jamu ya jamii ya machungwa tu, lakini sheria haikuwafundisha mabibi wa Italia kuongea upya.

Tusiwacheke. Sisi tulilichukua neno la Kireno pêra, ambalo kwao ni tunda lingine kabisa, tukalifanya pera la kwetu. Majina ya matunda yana desturi ya kuruka kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Kismayu ilisimama mahali ambapo njia hizi mbili za neno zilikutana. Tangu mwaka 1895 nchi ya Jubaland ilikuwa chini ya Uingereza, pamoja na pwani yote ya Kenya ya leo. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi kwa Italia, na mwaka 1926 ikaunganishwa na Somalia ya Kiitalia. Mpaka mpya ulipita kati ya Kiunga na Ras Kiamboni, na Wabajuni wakawa pande zote mbili. Upande wa kusini watoto walisoma kwa Kiingereza na kuijua jamu na mamaledi. Upande wa kaskazini Kisomali kilichukua maneno ya jikoni kutoka Kiitalia: jamu ikawa malmalaato, na balungi likawa bambeelmo, kutoka pompelmo. Katika bonde la Juba Waitalia walianzisha mashamba makubwa, ya ndizi zaidi, karibu na Jamaame, mji waliouita Margherita. Katika miaka ya 1980 kulikuwa pia na kiwanda cha sukari huko Mareerey. Kwa maneno mengine, tunda na sukari vilikuwa vinapatikana katika bonde moja, mpaka vita vya 1991 vilipovuruga kila kitu.

Kwa nini jambo hili ni letu

Vita hivyo viliwatawanya Wabajuni wa Somalia. Wengi walikimbilia pwani ya Kenya kwa mashua, na baadhi wakaendelea hadi Ulaya. Huko, hasa Uingereza, maafisa wa uhamiaji walitumia uchunguzi wa lugha kuamua kama mwombaji wa hifadhi ametoka kweli visiwani au ni mtu wa Kenya. Mtu aliulizwa maswali, sauti yake ikarekodiwa, na maneno yake yakapimwa.

Wasomaji wetu wataiona hatari mara moja. Mtoto aliyeondoka Chula mwaka 1991 akiwa na miaka mitano, akakulia Mombasa, atasema kama Mombasa. Ukimwonyesha chungwa chungu, huenda atasema "chungwa", kama walivyosema wanafunzi wetu, ambao hakuna anayewauliza uraia wao. Naye mama yake huenda atasema malmalaato bila kufikiri, ingawa hajawahi kumwona Mtaliano. Mwezi wa Juni 2004 kundi la wanaisimu kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo juu ya uchunguzi wa aina hii, likisisitiza kuwa ufanywe na wanaisimu wenye ujuzi wa lugha husika, na kwamba lugha huonyesha mtu alilelewa katika jamii gani, si hati gani ya kusafiria anastahili. Historia ya danzi inakubaliana nao. Neno hutueleza mtu amepita wapi na alikaa na nani. Haliwezi kusimama kama cheti cha kuzaliwa.

Lakini ili mwanaisimu aweze kusema hivyo kwa uhakika, lazima maneno yenyewe yawe yameandikwa. Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima juu ya wavuvi hawa mwaka 1955, na Derek Nurse amefanya kazi kubwa juu ya lahaja yao. Hata hivyo, watafiti wengi huanzia baharini, kwenye vyombo na mitego. Jikoni, ambako achari hutiwa chumvi na majina ya matunda hutajwa kila siku, hufikiwa mwisho au hakufikiwi kabisa.

Hitimisho

Tulirudi darasani na kikapu cha madanzi tuliyoyapata kwa shida, maana muuzaji wa kwanza sokoni alitushauri tununue machungwa mazuri badala yake. Wanafunzi walinusa, wakaonja, wakakunja nyuso, kisha wakaandika neno danzi kwenye madaftari yao. Tuliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize mzee mmoja wa nyumbani kwao majina yote ya matunda ya jamii ya machungwa anayoyajua, na namna kila moja linavyohifadhiwa.

Tunawaomba wenzetu wa vyuo vingine, hasa walio na wanafunzi wa Kibajuni na Kiamu, wafanye vivyo hivyo na watuletee orodha zao. Anayejua danzi linavyoitwa Koyama au Chovai, na walilitumia kwa kitu gani, atatusaidia kuliko kamusi yoyote tuliyo nayo rafuni.