Saa Huanza Kuhesabiwa Motoni

Novemba 1921 jumba la sinema la Rialto, mjini New Haven, Marekani, liliwaka moto. Enzi hizo madaktari wengi waliamini kwamba mtu aliyeokolewa motoni akafa siku ya pili ameuawa na sumu itokayo kwenye ngozi iliyoungua. Frank Underhill wa Chuo Kikuu cha Yale aliyapima maji ya malengelenge ya majeruhi wa Rialto, akakuta yanafanana mno na plazma, yaani maji ya damu. Damu iliyobaki mishipani ilikuwa imekuwa nzito. Kumbe mgonjwa alikuwa anakaukiwa kitandani, mbele ya macho ya wauguzi.

Arudishiwe maji kiasi gani, basi? Jibu lilichelewa, na msiba mwingine ndio uliolisogeza karibu. Usiku wa 28 Novemba 1942, klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston iliungua. Mlango wake mkuu, ule wa kuzunguka, ulikwama kwa msukumano. Watu 492 walikufa. Mwaka 1944 Charles Lund na Newton Browder, wa mji huohuo, walichapisha chati ya kupima eneo lililoungua kwa kuzingatia umri, kwa kuwa kichwa cha mtoto mchanga hubeba karibu moja ya tano ya ngozi yake yote. Mwaka 1947 Oliver Cope na Francis Moore, waliotibu majeruhi wa klabu ile, wakaandika jinsi ya kukadiria maji kwa ukubwa wa jeraha.

Chati inataka utulivu, na wodi ya majeruhi haina utulivu. Alexander Wallace wa Edinburgh alieneza njia ya mkato mwaka 1951: kwa mtu mzima kichwa na shingo ni asilimia 9, kila mkono 9, kila mguu 18, mbele ya kiwiliwili 18, nyuma 18, sehemu za siri 1. Ajabu ni kwamba mwili unakubali kugawanyika hivyo!

Mwaka 1968 Charles Baxter na Tom Shires, wa hospitali ya Parkland mjini Dallas, walileta hesabu inayotumika hadi leo: mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 anahitaji mililita 7,200 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za mwanzo. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua. Akifika hospitali baada ya saa 3 bila kuwekewa dripu, mililita 3,600 zinapaswa kuingia kwa saa 5 tu zilizobaki.

Baadaye hesabu ikaaminiwa kupita kiasi. Mwaka 2000 Basil Pruitt alionya kwamba wagonjwa wanajazwa maji mno, na maji yaliyozidi huvimbisha mapafu na kubana tumbo. Baxter na Shires walikuwa wametoa makadirio ya kuanzia. Baada ya hapo anayeongoza ni mkojo. Kwa mtu yule wa kilo 60, takribani mililita 30 kila saa: ukipungua, dripu huongezwa kasi, ukizidi sana, hupunguzwa.