Mshuko wa Volteji

Miongoni mwa istilahi za umeme zimfaazo fundi atakaye kujua kwa nini gari la kale limekataa kuwaka, hapana yenye manufaa kuliko mshuko wa volteji, nayo maana yake ni tofauti ya volteji ionekanayo kati ya nukta mbili za njia moja ya umeme, wakati mkondo unapopita katika njia hiyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwani pasipo mkondo hapana mshuko. Na aliyeyasahau atabadilisha betri, na stata, na koili, kila kimoja kwa gharama yake, na gari lisiwake.

Tuchukue mathalan MGB, gari la spoti lililoundwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980. Mpaka 1974 lilikuwa na betri mbili za volti 6 kila moja, zilizoungwa mfululizo ili zitoe volti 12, nazo ziliwekwa nyuma ya viti, ilhali stata iko mbele ubavuni mwa injini. Kwa hiyo umeme sharti usafiri kwa kebo ndefu hadi statani, kisha urejee betrini kwa njia ya mwili wa gari. Na kwa kuwa injini imekalishwa juu ya mipira, isiyopitisha umeme, marejeo hayo yote yategemea utepe mmoja uungao injini na mwili, yaani waya wa ethi. Utepe huo ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine yoyote, hata waya wa choki ukapata moto na kutoa moshi.

Hapo ndipo mwenye gari huingia katika mashaka. Afunguapo swichi, taa huwaka, na pampu ya petroli husikika ikigonga huko nyuma, dalili bayana kwamba umeme upo. Mita nayo, ikiwekwa betrini, husoma volti 12.6. Walakini azungushapo ufunguo, stata huguna tu, au huzunguka kwa uzito. Sababu ni kwamba taa yataka ampea chache, na stata huvuta zaidi ya mia. Kwa kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 kikipitiwa na ampea 1 humeza volti 0.01, kiasi kisichoonekana. Kikipitiwa na ampea 150 humeza volti 1.5. Ndivyo ilivyo amari ya nanga iliyooza: hukaa nzuri machoni wakati wa shwari, na ubovu wake haujulikani mpaka upepo ukivute chombo. Tena, kwa kuwa umeme wa koili hupita platini na kurejea kwa utepe ule ule, cheche za plagi nazo hufifia, na platini zisizo na hatia zikalaumiwa.

Kwa Kiswahili mtu aweza kusema "upotevu wa umeme", lakini jina hilo lapotosha, maana mkondo haupotei: ampea zitokazo ncha moja ya betri ndizo zirudizo katika ncha ya pili. "Upungufu" nao humpeleka msikilizaji kwenye betri dhaifu. Naona mshuko ndio unaofaa, kwa kuwa kila kishukacho hushuka kutoka mahali hadi mahali, na fundi sharti aulize: kutoka wapi, hadi wapi?

Jibu hupatikana hivi. Waya wa koili uchomolewe ili injini isiwake. Ncha moja ya mita ishikwe kwenye nguzo ya betri iliyofungwa mwilini, ambayo katika MGB za kabla ya 1967 aghalabu ni ile chanya, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, huku mwenzake fundi akizungusha stata. Mita ikisoma volti 0.2 au chini yake, njia ya ethi ni salama, na uchunguzi uhamie kebo ya upande wa pili; ikizidi 0.5, ncha ya pili ya mita irudishwe nyuma kiungo kwa kiungo, kuelekea betri, na kile ambacho ukikivuka tu kipimo huanguka ghafla, hicho ndicho cha kufunguliwa, kusuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, na kukazwa barabara.