Real

Real ni nomino ya Kihispania yenye maana kadhaa zinazopambanuliwa na muktadha, yaani maneno yanayoizunguka katika sentensi. Kwa mwanafunzi wa Jadida, shehia ya Wilaya ya Wete, Pemba, ni nomino nzuri mno ya kuanzia, kwa kuwa maana yake moja ilikwishafika kisiwani kwa njia ya bahari.

Maana hiyo ni sarafu. Wafalme wa Kastilia walianza kupiga real za fedha katika karne ya 14, wakiziita kwa sifa ya ufalme, na baadaye sarafu nzito ya real nane, iliyopigwa kwa fedha ya Mexico na Andes, ilienea hadi Bahari ya Hindi, ambako Waarabu waliiita riyal na Waswahili reale au riale. Sarafu yenye nguzo mbili iliitwa riale ya mzinga, kwani nguzo zile zilidhaniwa kuwa mizinga, ilhali riale ya Sham ilikuwa ile ya Austria yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780. Karafuu za Pemba zilipimwa kwa frasila na bei yake kutajwa kwa riale. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitoa riale zake mwaka 1882, na Omani hutumia riale hadi leo.

Maana ya pili ni kambi, hasa ya jeshi, na asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa rihla, yaani safari. Kwa hiyo wanaleksikografia huzitenga maana hizi kuwa homonimu, maneno yanayofanana umbo bila udugu wa asili. Wingi, reales, hautofautishi, bali kitenzi: *no tener un real* ni kutokuwa na hata senti, na *sentar los reales* ni kupiga kambi au kufanya makazi. Uwanja wa tamasha la Sevilla nao huitwa *real de la feria*.

Ikifuata au kutangulia nomino nyingine, real huwa kivumishi, chenye maana ya "-a kifalme" au "halisi". Real Madrid ilipewa sifa hiyo na Mfalme Alfonso XIII mwaka 1920. Mwanafunzi na aihifadhi kila maana pamoja na kifungu chake kizima.